Tusisubiri jengo: elimu ya makumbusho ya sanaa ianze na walimu wa Dodoma

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie watoto wa mkoa huu na sanaa iliyo jirani nao. Kila inapotajwa haja ya makao makuu ya nchi kuwa na makumbusho ya sanaa, mazungumzo huanzia na kuishia kwenye jengo: kiwanja kitapatikana wapi, ramani itachorwa na nani, fedha zitatoka mfuko gani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na rai yangu ni kwamba tuanze na huduma ya elimu, yaani watu waliofunzwa kuwapokea wanafunzi mbele ya kazi za sanaa, vifaa vinavyoweza kupelekwa shuleni, mafunzo kwa walimu, na siku maalumu za familia. Huduma hiyo inaweza kuanza kabla tofali la kwanza halijawekwa, kwa sababu sanaa yenyewe tunayo tayari, na sehemu yake iliyo kongwe kuliko zote imekuwa ikitungoja kwenye miamba ya Kondoa kwa karne nyingi.

Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lililotambuliwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, nalo lina mapango ya wazi zaidi ya 150 ambayo kuta zake zimechorwa kwa kipindi kisichopungua miaka 2,000. Picha nyekundu, zilizochorwa kwa udongo wenye madini ya chuma ambao mafundi wetu wa zamani waliuita ngeu, zinahusishwa na jamii za wawindaji na wakusanya matunda, na ndugu zetu Wasandawe wa Chemba hutajwa kila mara watafiti wanapozijadili. Picha nyeupe, ambazo mara nyingi zimepakwa juu ya zile nyekundu, ni za baadaye, na zinahusishwa na wakulima na wafugaji. Kwa maneno mengine, kwenye ukuta mmoja wa jiwe mtoto anaweza kuona jinsi watu wa aina tofauti za maisha walivyopokezana nchi hii, bila kufungua kitabu.

Mahali hapa si mbali. Kolo, kijiji chenye michoro hiyo, iko kandokando ya barabara kuu iendayo Babati, kaskazini mwa mji wa Kondoa, na tangu barabara hiyo ilipokamilika kwa lami mwaka 2018 basi la wanafunzi likitoka Dodoma alfajiri linaweza kurudi siku hiyohiyo. Hata hivyo, waulize wanafunzi wa Nkuhungu au Kizota, hapa mjini Dodoma, ni wangapi wamewahi kusimama mbele ya michoro ile. Wengi wanaijua kama sentensi ya kukariri: michoro ya mapangoni inapatikana Kondoa. Ukiwauliza inaonesha nini, imechorwa kwa kitu gani, au kwa nini watu wake ni wembamba na warefu kiasi kile, hawana la kujibu, na kosa si lao.

Tatizo halimalizwi na kuwapakia watoto kwenye basi tu. Nimekuwa kwenye ziara za kimasomo, katika makumbusho ambayo sitayataja, ambako mwongozaji alisema mfululizo kwa saa nzima huku watoto wakiandika kila neno kwenye daftari zao wakiwa wameinama, hata kioneshwa kilichokuwa mbele yao hawakukiangalia. Waliondoka na kurasa tatu za maandishi ambazo wangeweza kuandikiwa ubaoni. Nauli ililipwa, chakula kilipikwa, siku nzima ya masomo ilitumika, na macho ya watoto hayakufanya kazi yoyote. Mwongozaji yule alikuwa mtu mwema na mjuzi. Hakuwa amefundishwa namna ya kuzungumza na watoto, wala sisi walimu hatukuwa tumemweleza wanafunzi wetu wamefika wapi katika somo.

Makumbusho za sanaa zilizotutangulia zilishakutana na tatizo hilihili na kulifanyia kazi. Philip Yenawine, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, alishirikiana na mtafiti Abigail Housen kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kutengeneza njia ya kuongoza mazungumzo mbele ya picha, nayo inasimama juu ya maswali matatu tu. La kwanza ni: kuna nini kinachoendelea katika picha hii? La pili: umeona nini kilichokufanya useme hivyo? La tatu: tunaweza kuona nini zaidi? Mwalimu hatoi jibu sahihi. Anarudia alichosema mtoto kwa maneno yaliyo wazi, anaonesha kwa kidole sehemu inayotajwa, na anaunganisha hoja ya huyu na hoja ya yule. Swali la pili ndilo lenye uzito kuliko mengine, kwa sababu linamtaka mtoto atoe ushahidi, na mtoto aliyezoea kutoa ushahidi kwa picha hatashindwa kuutoa kwa maandishi au kwa jaribio la sayansi.

Nimeijaribu njia hiyo darasani kwangu kwa kutumia nakala ya picha moja maarufu ya Kolo, inayoonesha watu wembamba waliosimama mstari mmoja, huku aliye katikati akiwa ameshikwa mikono na wenzake wa pande zote mbili. Mary Leakey, ambaye mwaka 1951 alifanya kazi kubwa ya kunakili kwa mkono michoro ya Kondoa pamoja na mumewe Louis, aliiona picha hiyo kama tukio la mtu kutekwa. Watafiti waliokuja baadaye wameona humo ngoma ya uganga, ambamo mtu aliyezidiwa na mshindo wa ngoma anasaidiwa na wenzake asianguke. Wanafunzi wangu hawakuwa wameambiwa lolote kati ya hayo. Msichana mmoja alisema yule wa katikati anavutwa kwa nguvu, kwa kuwa mikono yake imenyooka pande zote mbili. Mvulana aliyekaa nyuma yake alipinga, akasema mtu anayevutwa hukaza miguu, lakini huyu miguu yake imelegea, kwa hiyo amezimia kwenye ngoma na wanamshikilia. Walibishana mpaka kengele ikalia, kila mmoja akirudi kwenye picha kutafuta ushahidi wake. Watoto wa darasa la tano, bila msaada wa mtu, walikuwa wamefika kwenye mgawanyiko uleule wa wataalamu, na hapo ndipo nilipowaeleza wataalamu walisema nini. Siku hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa anyamaze asikilize.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo moyo wa ninachokiomba. Mwalimu anayeongoza mazungumzo ya namna hiyo anahitaji mazoezi, na mazoezi hayo hayatolewi kwa waraka. Ninapendekeza kwamba kila ziara ya wanafunzi itanguliwe na ziara ya walimu wao, wafike Kolo wenyewe, wapande kilima, wakae mbele ya picha chache bila haraka, wazungumze na watunzaji wa eneo, kisha warudi na nakala za kutumia darasani. Tayari tuna utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambao walimu hukutana shuleni na katika vituo vya walimu. Mada ya kufundisha kwa kutumia kazi za sanaa inaweza kuingizwa humo bila kuunda chombo kipya. Tuna pia vyuo vya ualimu katika mkoa huuhuu. Chuo cha Ualimu Bustani kiko Kondoa kwenyewe, jirani kabisa na michoro, na Mpwapwa kuna chuo kingine cha siku nyingi. Mwanachuo wa Bustani anayehitimu bila kufundisha hata kipindi kimoja cha mazoezi mbele ya miamba ya Kolo amepitwa na darasa ambalo vyuo vya nchi nyingine vingelitamani.

Mtaala nao unaruhusu. Maboresho yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, yameleta somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi na somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Masomo yote mawili yanadai mtoto aone, aguse, atengeneze na aeleze. Walimu wengi wa Sanaa na Michezo ninaowafahamu wanafanya kazi kubwa ya kubuni vifaa kwa maboksi na vifuniko vya chupa, nami nawaheshimu kwa hilo. Lakini somo la sanaa lisilo na kazi halisi ya sanaa hata moja mbele ya mtoto linamfundisha kutengeneza kabla hajajifunza kutazama.

Sasa niseme kuhusu shule ambazo basi halitazifikia, nazo ndizo nyingi. Kwa shule hizo, makumbusho inapaswa kusafiri. Huko St. Louis, Marekani, makumbusho ya elimu iliyoanzishwa mwaka 1905 ilikuwa ikipeleka masanduku ya vioneshwa shuleni kwa gari la kukokotwa na farasi, na walimu wakichagua kutoka kwenye orodha ni sanduku gani linalofaa somo la wiki ile. Karibu na kwetu zaidi, Makumbusho ya Taifa ya Botswana kwa miongo kadhaa imeendesha huduma ya gari linalozunguka shule za vijijini, liitwalo Pitse ya Naga, yaani punda milia. Botswana ni nchi kubwa yenye watu wachache waliotawanyika, na waliona wazi kwamba wakingoja watoto waende Gaborone, wengi hawatafika. Hali ya wilaya zetu za Chemba, Bahi na Mpwapwa haitofautiani sana na hiyo.

Sanduku la Dodoma lingekuwa na nini ndani? Ningeanza na nakala za michoro zilizochapishwa kwenye turubai kwa ukubwa wake halisi, kwa sababu picha ya kitabuni inamdanganya mtoto kuhusu ukubwa. Ningeweka vipande vya ngeu na jiwe la kusagia ili wanafunzi wasage rangi wenyewe, waichanganye kwa namna mbalimbali na kuipaka juu ya jiwe la kawaida, waone ipi inadumu na ipi inaoshwa na maji. Ningeweka kibuyu kilichonakshiwa, chungu, zeze na marimba ya Kigogo, vyote vipya, vilivyotengenezwa na mafundi wa hapahapa na kulipwa kwa haki, ili mtoto avishike bila kuogopa kuvunja kitu cha kale. Na ningeweka mwongozo mfupi wa mwalimu, wa kurasa chache, kwa Kiswahili sanifu na chepesi. Sanduku likae shuleni majuma mawili, kisha liende shule nyingine ya kata hiyo kupitia kituo cha walimu.

Tafadhali tusiwasahau watoto wasioona. Mkoa wetu una shule ya Buigiri, wilayani Chamwino, yenye historia ndefu ya kufundisha watoto wasioona, na wanafunzi wake wana haki ya michoro ya Kondoa sawa na wengine. Fundi mzuri wa kuchonga mbao anaweza kuhamisha mistari ya picha kwenye ubao kwa kuinyanyua, ili mtoto aifuate kwa vidole na kutambua twiga ni yupi na mtu ni yupi. Ubao huohuo utawafaa hata wanaoona, maana kidole hufuata mstari polepole kuliko jicho.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nimechanganya zeze na michoro ya miamba. Nimechanganya kwa makusudi, kwa kuwa sitaki watoto wetu waamini kwamba sanaa ya Dodoma ilikwisha pamoja na wale waliochora miamba. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki wa Kigogo kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya kwa zeze na marimba, akitokea katika nchi hii hii kame tunayoilalamikia. Wanawake wa Kigogo wanapiga ngoma za muheme kwa ustadi ambao wageni huja kuurekodi. Huduma ya elimu ya makumbusho inayostahili jina hilo itawaita mafundi na wapigaji hao kama walimu, iwaandalie vipindi, na iwalipe posho inayolingana na ujuzi wao. Kumwita bibi apige muheme mbele ya wanafunzi kisha kumpa soda na shukrani ni kumdhulumu, na jambo hilo limezoeleka mno.

Kuhusu familia, nina ombi moja. Wazazi wengi hapa wanaamini kwamba makumbusho na malikale ni mambo ya watalii na wanafunzi, na mtu mzima asiye na cheti hana shughuli huko. Imani hiyo haikuzuka hewani. Imejengwa na namna maeneo hayo yanavyowapokea watu. Napendekeza Jumamosi moja ya kila mwezi iwe siku ya familia, kiingilio kikiwa bure kwa wakazi wa mkoa, ambapo mtoto anafika na mzazi au babu au bibi yake, na shughuli zote zinapangwa kwa ajili ya watu wa rika mbili wanaofanya kazi pamoja. Mtoto asage ngeu, babu aeleze mitego ya wanyama aliyoijua ujanani, kisha wote wawili watazame picha ya tembo mwambani na kuzungumza. Mikutano ya kwanza ya namna hiyo ifanyike kwa wakazi wa Kolo, Pahi na vijiji vinavyozunguka miamba, kabla ya sisi wa mjini. Wao ndio majirani wa michoro, na baadhi ya wazee wao bado wanafanya matambiko kwenye mwamba wa Mungomi wa Kolo. Ziara yoyote ya shule ipangwe kwa kuwashirikisha wazee hao, na siku wanayoihitaji kwa tambiko iheshimiwe bila majadiliano.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisisitize elimu hii, nayo ni uhai wa michoro yenyewe. Eneo hili lililindwa kisheria tangu mwaka 1937, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaendelea kulilinda, lakini sheria haiwezi kusimama kwenye kila mwamba katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya elfu mbili. Watu wameandika majina yao juu ya picha. Wageni wamemwagia maji michoro ili rangi ing'ae kwa ajili ya kupiga picha. Wengine wamechimba chini ya miamba kutafuta mali inayosemekana kufukiwa na Wajerumani. Kijana anayekwangua jina lake kwenye mwamba hajui anafuta nini. Mtoto aliyewahi kukaa nusu saa akibishana na wenzake kama mtu wa katikati anatekwa au amezimia atakuwa mlinzi wa picha ile maisha yake yote, na atamkemea hata mjomba wake. Kwa hiyo idadi ya wanafunzi mbele ya mwamba kwa wakati mmoja iwe ndogo, kusiwe na kugusa wala maji, vumbi lisitimuliwe kwa michezo, na sababu za masharti hayo waelezwe tangu darasani.

Nimalizie na gharama. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, wakuu wa shule wanaogopa kuchangisha wazazi, na wana haki ya kuogopa, maana ziara ya kuchangisha huwaacha nyumbani watoto wa familia maskini, ambao ndio wangefaidika zaidi. Usafiri wa ziara hizi uwekwe kwenye bajeti za halmashauri, hata kama mwaka wa kwanza fedha zitatosha shule moja tu kwa kila kata. Kiingilio cha mwanafunzi aliyeongozana na mwalimu wake kiondolewe kabisa. Kwa shule za sekondari zenye uwezo zaidi, treni ya mwendokasi iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imefupisha sana njia ya kwenda Dar es Salaam, ambako Makumbusho ya Taifa inatunza fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Oldupai mwaka 1959, na ambako Kijiji cha Makumbusho kimekuwa kikionesha nyumba za jadi tangu miaka ya 1960. Ziara hizo ni nzuri, ila zisichukue nafasi ya Kolo.

Ombi langu kwa Jiji la Dodoma, Halmashauri ya Mji wa Kondoa, Makumbusho ya Taifa na ofisi zinazosimamia michoro ni hili: kabla ya muhula ujao kufunguliwa, walimu wa Sanaa na Historia kutoka shule chache za mjini na vijijini wapelekwe Kolo kwa siku mbili, wakiwa pamoja na wanachuo wa Bustani na wazee wa eneo, na watoke huko wakiwa wameandaa somo moja na orodha ya vitu vya kutia kwenye sanduku la kwanza. Mimi na walimu wenzangu kadhaa tuko tayari kutumia siku zetu za likizo kwa kazi hiyo, na kuandika mwongozo wa Kiswahili utakaosafiri na sanduku.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Dodoma